Mota ya gari la rimoti ina kigugumizi? Uliza kwanza kinakuja lini

Gari la rimoti lenye mota ya brashilesi (isiyo na brashi za kaboni) likianza kusitasita, wengi hukimbilia kuagiza mota mpya. Mara nyingi mota haina kosa lolote. Kosa liko kwenye betri iliyochoka, plagi iliyolegea, waya uliolehemiwa vibaya, au mpangilio wa kidhibiti mwendo. Mota mpya ikifungwa hapo itasita vilevile, na pesa imeshakwenda.

Kinachosaidia zaidi kuliko kifaa chochote ni kutazama kigugumizi kinatokea wakati gani. Je, ni pale gari linapoondoka tu? Ni katikati ya mwendo, ukivuta triga mpaka mwisho? Ni baada ya kukimbia dakika kadhaa, au ni muda wote, hata magurudumu yakiwa hewani? Kila jibu lina mlango wake, na ukishalipata unaacha nje sehemu kubwa ya mambo ambayo ungeyafungua bure.

Mfano nitakaoufuata ni gari la kipimo cha 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi) linalosukuma kwa magurudumu yote manne, lenye mota ya 3650 isiyo na sensa, 3300KV, na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya 2S, yaani seli mbili zilizofuatana. Namba 3650 inamaanisha kopo lenye kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 50. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Magari ya 1/8 yana mota kubwa zaidi na betri za 3S au 4S, lakini dalili zake ni hizihizi.

Kwa nini mota hii inasita

Mota ya kizamani yenye brashi za kaboni hujigawia umeme yenyewe: brashi zinagusa komyuteta, komyuteta inazunguka, koili zinapokezana. Brashilesi haina kitu hicho. Koili zimetulia ukutani mwa kopo katika makundi matatu, na katikati inazunguka rota yenye sumaku. Kazi ya kugawa umeme kwa zamu imehamia kwenye kidhibiti mwendo, kile kiboksi kilichoandikwa ESC. Kidhibiti lazima kijue sumaku imeelekea wapi ndipo kipeleke umeme kwenye koili inayostahili. Kikikosea, kinaivuta rota nyuma wakati ilipaswa kwenda mbele, na hapo ndipo gari linaposhtuka na kulia "trrr" bila kwenda.

Kuna njia mbili za kujua mahali ilipo rota. Mota yenye sensa ina vihisi vitatu vya Hall vinavyoisoma sumaku hata gari likiwa limesimama kabisa. Mota isiyo na sensa haina vihisi hivyo. Kidhibiti kinasikiliza umeme unaozalishwa na koili ambayo kwa wakati huo haijapewa moto. Rota ikizunguka, umeme huo upo na unasomeka. Rota ikisimama, hakuna kinachozalishwa, kwa hiyo kidhibiti kinabahatisha: kinasukuma kidogo, kinasikiliza, kinasukuma tena mpaka kipate alama.

Kwa sababu hiyo, mota isiyo na sensa inayotetemeka kidogo mara mojamoja wakati wa kuondoka, hasa kwa mwendo wa kunyata, haijaharibika. Ndivyo ilivyoumbwa. Cha kutafuta ni mabadiliko: gari lililokuwa linaondoka vizuri mwezi uliopita na sasa linagoma, au linalosita likiwa tayari kwenye mwendo. Hilo la pili halina udhuru hata kwa mota isiyo na sensa, kwa kuwa rota inayokimbia inatoa umeme wa kutosha kusomwa.

Itenge mota na gari

Kabla ya kupima chochote, legeza skrubu za mota uisogeze mpaka gia ndogo ya shafti isiguse gia kubwa. Weka betri yenye chaji ya kutosha, washa, kisha vuta triga taratibu mpaka robo hivi. Usiivute mpaka mwisho: 3300KV kwenye betri iliyojaa volti 8.4 ni mizunguko zaidi ya 27,000 kwa dakika bila mzigo wowote, na rota haina haja ya kuteswa hivyo mezani.

Mota ikizunguka laini ikiwa peke yake lakini ikasita ikirudishwa kwenye gia, shida iko kwenye mzigo au kwenye umeme unaoifikia: betri, plagi, gia, au uzito wa gari. Ikisita hata ikiwa huru, basi tafuta kwenye waya tatu, kwenye koili zenyewe, kwenye kidhibiti au kwenye mipangilio yake. Jaribio hili ni la dakika tano, na hakuna sababu ya kuliruka.

Inatetemeka na kulia lakini haizunguki

Hii ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote. Rota inacheza mbele na nyuma, kopo linavuma, gari haliendi. Pengine ukilisukuma kwa mkono linashika na kukimbia kwa shida. Karibu kila mara maana yake ni kwamba kati ya njia tatu za umeme zinazotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye mota, moja haifiki. Acha triga mara moja. Ukiendelea kulazimisha, umeme uliopaswa kugawana njia tatu unapita kwenye mbili, na transista za kidhibiti zinaungua kabla mota haijalalamika.

Anza na pini za duara za rangi ya dhahabu zinazounganisha mota na kidhibiti. Zichomoe zote tatu. Pini nzuri huingia kwa kubana. Inayoingia kwa ulegevu imechoka, na zile zenye mikanda ya kutanuka unaweza kuipanua kwa ncha ya kisu. Pini iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia au bluu imepata joto, na joto hilo linatoka kwenye mguso mbaya. Kisha angalia risasi iliyolehemu waya kwenye pini. Kiungo kizuri kinang'aa na risasi imeuloweka waya mpaka ndani. Kiungo kilichofifia rangi, chenye vipele au mpasuko kwenye ukingo, kimeshika nje tu. Vuta waya kidogo. Ukitikisika ndani ya pini, umepata mgonjwa.

Waya hizi ni nene na zinanyonya joto, kwa hiyo pasi ndogo ya kulehemu ya wati 30 haitoshi. Inatakiwa ya wati 60 au zaidi, yenye ncha pana. Ukiwa huna, mafundi wa simu wengi wana vifaa vya kulehemu, ila mwombe atumie ncha pana na asitosheke na risasi ya juu juu, kwa sababu ncha nyembamba ya kazi za simu haipashi waya kama huu mpaka ndani. Ukilehemu upya, pasha waya wenyewe mpaka risasi iyeyuke kwa joto la waya.

Viungo vikiwa safi na bado mota inatetemeka, pima mota. Usidanganyike na kipimo cha omu cha multimita ya kawaida: koili hizi zina ukinzani mdogo mno, miliomu kadhaa tu (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu), na multimita itakuonyesha sifuri kwa koili nzima na kwa koili yenye mizunguko iliyoungana. Inachoweza kukuambia kwa uhakika ni mambo mawili: kama kuna waya uliokatika kabisa, na kama kuna waya unaogusa kopo. Kati ya waya yoyote na kopo la mota hapatakiwi kuwa na mawasiliano hata kidogo. Kukiwa na mlio hapo, varnishi ya koili imeungua.

Kipimo kinachosema zaidi ni kuigeuza mota kuwa jenereta. Vua gia ndogo, bana shafti kwa upole kwenye drili, waya tatu zikiwa huru, kisha zungusha na upime umeme wa AC kati ya waya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Drili ya mizunguko 1,500 kwa dakika ikizungusha mota ya ncha nne za sumaku hutoa umeme wa hezi 50, uleule wa ukutani, kwa hiyo multimita inausoma bila taabu. Kwa mota ya 3300KV utaona kama theluthi moja ya volti. Namba yenyewe haina uzito. Cha muhimu ni kwamba zote tatu zilingane. Mbili zikiwa pungufu na moja iko sawa, kuna koili iliyoumia. Angalizo: multimita ndogo za aina ya DT830 zina kipimo cha chini cha AC cha volti 200, na kwa hiyo hazitofautishi vizuri volti ndogo kama hizi.

Asiye na multimita inayofaa atumie vidole. Gusanisha waya mbili, zungusha shafti kwa mkono, sikiliza ukaidi wake. Rudia kwa jozi nyingine mbili. Mota nzima inakaza sawasawa kwa jozi zote. Jozi inayozunguka kirahisi kama hakuna kilichogusanishwa ina njia iliyokatika. Na mota inayokaza kwa nguvu hata waya zote zikiwa huru ina mizunguko iliyoungana ndani. Hiyo haitengenezeki nyumbani. Usichanganye ukaidi huo na vile vituo vidogo vya "tak tak" unavyohisi kila ukizungusha shafti. Hivyo ni sumaku zikipita mbele ya chuma, na ni vya kawaida.

Mota ikiwa nzima, mshtakiwa anabaki kidhibiti. Chomoa betri na mota, subiri dakika moja kapasita zimalize chaji, kisha weka multimita kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu iguse waya hasi wa betri wa kidhibiti, na nyeusi iguse waya za mota moja baada ya nyingine. Utasoma namba iliyo karibu na 0.4 mpaka 0.6, na zote tatu ziwe karibu sawa. Halafu geuza: ncha nyeusi kwenye waya chanya wa betri, nyekundu kwenye waya za mota. Pia zilingane. Waya inayosoma sifuri au karibu na sifuri ina transista iliyoungua na kuungana. Kidhibiti hicho usikijaribu tena kwa betri ya lipo, maana lipo inamwaga umeme bila kipimo na moshi ndio utakaofuata.

Inasita kuondoka, ikishika inakwenda vizuri

Hapa kuna sababu nyingi ndogo, na mara nyingi zinakuja mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni gia. Gia ndogo yenye meno mengi inaongeza kasi ya mwisho lakini inaifanya mota iinue mzigo mkubwa kwa kila mzunguko, na mota isiyo na sensa inahitaji kuzunguka haraka iwezekanavyo ili kidhibiti kianze kuisoma. Kama ulibadilisha gia, au uliweka matairi makubwa zaidi (ambayo nayo ni sawa na kubadilisha gia), punguza meno mawili au matatu kwenye gia ndogo uone. Gari zito lenye mota ya KV kubwa ndilo linaloteseka zaidi. Watu wanapenda namba kubwa ya KV kwa sababu ya kasi, lakini kwa lori la matairi makubwa mota ya KV ndogo inaondoka kwa utulivu na haipati joto haraka.

Ya pili ni mshikano wa gia. Zikibanana mno, mota inaanza na breki mkononi. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zisogeze zikutane, kaza skrubu, kisha toa karatasi. Itoke na mikunjo bila kuchanika. Zungusha gia kubwa duara zima ukisikiliza, kwa kuwa gia isiyo mviringo kamili inaweza kuwa huru upande mmoja na kubana upande wa pili. Zungusha pia magurudumu kwa mkono, gia zikiwa zimeachana. Beringi iliyojaa mchanga utaihisi mara moja.

Ya tatu ni mipangilio. Kwenye kadi ya kupangia kidhibiti kuna kipengele cha Punch, yaani ukali wa kuondoka. Kikiwa juu kabisa, kidhibiti kinamwaga umeme mwingi kabla hakijajua rota iko wapi, na betri dhaifu inaporomoka papo hapo. Kishushe hatua moja moja. Kwenye taimingi, yaani muda wa kupeleka umeme kwenye koili, rudi kwenye kiwango alichokiweka mtengenezaji. Kisha fanya upya ulinganishaji wa rimoti na kidhibiti: sehemu ya kati, triga mpaka mwisho wa mbele, triga mpaka mwisho wa nyuma, kwa utaratibu ulio kwenye kitabu cha kidhibiti chako. Rimoti iliyobadilishwa au triga iliyosogezwa kituo chake cha kati inaweza kukifanya kidhibiti kisome breki ndogo wakati wewe unataka kuondoka.

Inamisi ukivuta triga mpaka mwisho

Gari linaondoka, linakimbia, lakini ukidai nguvu yote linakatakata. Hapa usiguse mota kwanza. Tazama betri.

Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na unaongezeka kadiri betri inavyozeeka au inavyoachwa imejaa au imeisha kwa muda mrefu. Chukua betri ya 2S ambayo kila seli ina miliomu 10, jambo la kawaida kwa betri iliyochoka. Jumla ni miliomu 20. Gari likivuta ampea 80 kwa kishindo cha kuondoka, volti 1.6 zinapotea ndani ya betri yenyewe. Volti 7.4 zinakuwa 5.8, yaani 2.9 kwa kila seli, wakati kidhibiti kingi kimepangwa kukata nguvu kwenye 3.2 kwa seli ili kuilinda lipo. Kidhibiti kinakata, mzigo unapungua, volti zinapanda, kinafungua tena, zinaporomoka tena. Wewe nje unaona mota ina kigugumizi. Mota inatii tu.

Ukipima betri hiyo ikiwa imetoka kuchajiwa na imetulia mezani utaona volti 8.4 safi, na hapo ndipo wengi wanapotea njia. Betri hupimwa ikiwa kazini. Kifaa kidogo cha kupimia volti kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe ya mizani (ile ndogo ya betri yenye waya wa kila seli) kinatosha: kifunge juu ya gari kwa muda na umwombe mwenzako atazame namba wakati unaondoka kwa nguvu, au piga video kwa simu. Seli moja ikizama chini kuliko nyenzake, betri hiyo imefikia mwisho. Chaja nyingi za kisasa pia zinaonyesha ukinzani wa ndani wa kila seli. Seli zenye afya kwa gari la 1/10 huwa chini ya miliomu 5 hivi, zikiwa na joto la kawaida la chumbani.

Namba ya C iliyoandikwa kwenye betri, ile inayozidishwa na uwezo wa betri kupata ampea inazodai kutoa, isikutulize. Betri ya 5000mAh iliyoandikwa 50C inadai ampea 250, na dai hilo mara nyingi limechapishwa kwa ukarimu. Kuhusu betri za NiMH za seli sita, 7.2V, zilizokuja na magari mengi ya bei nafuu: zinazama haraka chini ya mzigo mkubwa, na kama kidhibiti kimepangwa kwa lipo ya 2S kitakata kwenye volti 6.4, ambazo kwa NiMH ni zaidi kidogo ya volti moja kwa seli na inafika hapo mapema sana. Badilisha aina ya betri kwenye mipangilio kabla ya kulaumu kitu kingine.

Baada ya betri, plagi. Plagi nyeupe ya plastiki ya mtindo wa Tamiya ilitengenezwa kwa mota za brashi zenye mahitaji madogo. Mguso wa miliomu 5 tu, ukipitiwa na ampea 80, unazalisha wati 32 za joto, kiasi cha pasi ndogo ya kulehemu, ndani ya kipande cha plastiki. Ikate, weka XT60 au plagi ya T kwa gari la 1/10. Kwa 1/8 tumia XT90 au EC5. Baada ya kukimbia, gusa plagi kwa uangalifu: ikiwa ya moto kuliko waya zake, hapo ndipo nguvu inapopotelea. Pwani hali hii inakuja mapema kwa sababu ya chumvi hewani, na anayekimbiza gari kwenye mchanga wa bahari afute pini zake kwa spiriti mara kwa mara.

Jambo moja zaidi hapa: usirefushe waya za betri. Waya mrefu kati ya betri na kidhibiti unaleta mawimbi ya volti yanayochosha kapasita. Ukihitaji urefu, afadhali urefushe zile tatu za mota. Na kapasita zenyewe, vile vikopo vidogo karibu na waya za betri, zitazame vichwa: ziwe bapa. Iliyovimba au kuvuja imekufa, na bila hiyo kidhibiti kinamisi kwenye triga kubwa hata betri ikiwa mpya.

Inakwenda vizuri, inaharibika ikipata joto

Kidhibiti kina ulinzi wake. Vingi hukata au kupunguza nguvu joto la ndani likikaribia nyuzijoto 100, huwasha taa kwa mpigo fulani, na ukisubiri gari linafufuka. Angalia feni inazunguka, ondoa nyasi na vumbi, na punguza gia.

Mota ni habari nyingine, maana nyingi zisizo na sensa hazina ulinzi wa joto. Nje ya kopo isizidi nyuzijoto 80 hivi, na ndani huwa ni moto zaidi ya hapo. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zinaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzijoto 80, ingawa mota nzuri hutumia daraja linalostahimili zaidi. Sumaku ikidhoofika haisemi. Mota inazunguka haraka zaidi ikiwa huru, kwa sababu KV imepanda, lakini inakosa nguvu kwenye mzigo, inavuta umeme mwingi na kupata joto upesi kuliko zamani, nalo joto linaidhoofisha zaidi. Hiyo inahitaji rota mpya, ikiwa zinauzwa kwa mota yako, au mota nzima.

Ukifungua kopo, vuta rota polepole kwa sababu sumaku itang'ang'ania. Tafuta mpasuko kwenye sumaku, mkwaruzo unaoonyesha inagusa ukuta, na beringi zenye sauti ya mchanga. Kumbuka mpangilio wa vile vipete vyembamba (washa) kwenye shafti. Kila kimoja kirudi upande wake.

Mota yenye sensa

Mota yenye sensa inapaswa kuondoka laini kabisa. Ikitetemeka, shuku kwanza kebo ya sensa, ile yenye waya sita nyembamba: chanya, hasi, tatu za vihisi na moja ya joto. Inachomoka kwa mtikisiko, inakatika ndani ya ganda, inakatwa na gia. Itikise kwa kidole huku mota ikizunguka polepole. Mtikisiko ukibadilisha mwendo, nunua kebo, ambayo ni sehemu ya bei ndogo kuliko zote katika habari hii.

Kisha hakikisha waya tatu nene za mota zinafuata herufi zake kwenye kidhibiti: A inaenda kwa A, B kwa B, C kwa C. Mota isiyo na sensa haijali. Ukibadilishana waya mbili zozote inageuza tu upande wa kuzunguka. Yenye sensa inajali sana, kwa sababu taarifa za vihisi lazima zilingane na koili. Ukiibadilisha waya ili izunguke upande mwingine itatetemeka na kunywa umeme. Upande ubadilishe kwenye mipangilio.

Vidhibiti vingi vya sensa vinaweza pia kuendesha bila sensa. Kama chako kinaruhusu, chomoa kebo, ujaribu. Mota ikikimbia kwa kigugumizi kidogo cha kawaida cha kuondoka na kisha kutulia, koili na kidhibiti viko salama. Tatizo ni kebo au bodi ya vihisi. Kihisi kimoja kikifa kuna alama nzuri: gari linaondoka mara nyingine na kugoma mara nyingine, kutegemea rota ilisimama upande gani. Ukiwa na multimita, washa kidhibiti, zungusha shafti kwa mkono polepole, na pima kila waya wa kihisi dhidi ya hasi. Volti zipande karibu na 5 na kushuka karibu na sifuri kwa zamu. Waya unaokaa palepale ndio wenye kihisi kilichokufa. Maji na kutu kwenye bodi hiyo ndogo ya nyuma huleta jambo hilohilo, na kusafisha kwa spiriti huponya baadhi.

Mota za mashindano zina kifuniko cha nyuma chenye alama za nyuzi za taimingi. Skrubu zake zikilegea kinazunguka chenyewe, na mota iliyokuwa poa inaanza kupata joto kali na kusita. Kirudishe kwenye alama ya mtengenezaji.

Usukani nao unakatika

Mota ikisita na sevo ya usukani (mota ndogo inayogeuza magurudumu) ikashtuka au kufa kwa wakati mmoja, achana na mota. Kipokezi, kiboksi kinachopokea mawimbi ya rimoti, kinakosa umeme. Kidhibiti ndicho kinachokilisha kipokezi na sevo, na sevo yenye nguvu ikikwama inanyonya ampea kadhaa. Inua gari, zungusha usukani upande hadi upande kwa haraka huku ukivuta triga. Ikikatika, kapasita ya mikrofaradi 4700 kwenye chaneli iliyo wazi ya kipokezi husaidia, au sevo ndogo, au chanzo tofauti cha umeme kwa sevo. Sevo isipokatika pamoja na mota lakini gari linasita likiwa mbali tu, tazama antena: milimita 31 za mwisho ziwe zimenyooka, mbali na waya za mota.

Sauti inayodanganya

Skrubu ndogo ya gia ya shafti ikilegea, au klachi ya kuteleza ikiwa huru mno, au jino la difa (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) likiwa limevunjika, gari linatoa "krr" na kushtuka kama lina kigugumizi. Tofauti iko kwenye sauti: mota inaendelea kupanda mlio wake wakati gari halipandi kasi. Kaza skrubu ile juu ya sehemu bapa ya shafti, kwa gundi ya skrubu.

Vyote vimepimwa na bado inatetemeka kwenye mwendo wa kunyata

Betri ni nzima, viungo vinang'aa, gia ni ndogo, Punch iko chini, na bado gari halitaki kutambaa taratibu juu ya mawe au kuanza laini kwenye kona. Hapo umefika kwenye mpaka wa mota isiyo na sensa, na hakuna mpangilio utakaouvuka. Kwa gari la kukimbia uwanjani nashauri kuliacha lilivyo, kwani ukianza kwa triga ya uhakika badala ya kuigusa kwa woga, tatizo halionekani. Kwa gari la kupanda mawe, au lori zito, hamia kwenye sensa. Castle wana mfumo wanaouita SmartSense, unaoanza kwa sensa na kuendelea bila sensa gari likishashika mwendo. Hobbywing wana QuicRun Fusion, mota na kidhibiti ndani ya kopo moja, iliyokusudiwa magari ya kupanda mawe. Ukinunua mota na kidhibiti mbali mbali, hakikisha vyote viwili vina soketi ya sensa, ampea za kidhibiti zinatosha mota hiyo, na idadi ya seli zako za lipo iko ndani ya kiwango cha vyote viwili, cha mota na cha kidhibiti.